Serveri Tatu Zilizokataa Kuamuka Pinga

Wapapa na Wamama wa shirika yetu, asanti kunipa nafasi. Leo sitashuhudia malaria. Nashuhudia kiburi, kwa sababu ilinilaza chini kuliko malaria.

Mwajua natengenezaka ordinateri, zile kompyuta. Wakati wa vita, hospitali moja ya Pinga iliniita niweke sistemu mu serveri tatu, ordinateri kubwa za kutunza fishi, habari za wagonjwa. Karatasi zao zote zilikuwa zimeungua. Waliniambia: "Fundi, zisipotumika mpaka siku ya posho, Jumamosi hii, zinarudi Goma, wanazipa hospitali ingine."

Tukazipakia ku moto, pikipiki ya Papa mumoja aliyekuwa anabebea hospitali dawa, toka Nyabiondo mpaka Pinga. Nanyi mwatujua: mbele ya kufika ku bariere ya wenye bunduki, kila muntu anatosha, anaondoa batri mu simu na mu radio, juu kitu yenye imekufa hakuna anayeitamani. Nami, mwerevu, nikafungua serveri, nikatosha kale kabatri kadogo ka ndani, moja moja. Tukapita salama. Kufika, nikarudisha batri zote, nikafunga visi, zile skurubu.

Ndugu zangu, nawaambia, zilikataa. Sistemu ilikuwa mu ordinateri yangu, serveri zilipaswa kuivuta kwa kable. Kila moja ikiwashwa, inaandika tu ku kioo ya kwamba haioni mahali pa kuamukia. Nikabadilisha kable zote, nikaanza upya, siku tatu. Muganga wa hospitali akakuja kusimama mulangoni na kadaftari yake.

Hapa njo nilianguka. Nikasema mbele ya wote: "Ni huyu wa moto. Alizitikisa mu mabonde." Yule Papa wa watu, naye ni mulimaji wa maharage wa hapa kwetu, akaangalia chini. Hospitali ikamukataza kubeba dawa tena.

Siku ya tano asubuhi nikaenda kununua mukate kwa Mama mumoja wa Butembo mwenye duka. Alikuwa anapanga upya saa ya radio yake.

"Nikitosha batri, inasahau saa na vituo vyote," akasema. "Na mashini zako, Fundi, ulizikumbusha?"

Niliacha mukate pale, nikakimbia hospitali.

Mu kila mashini kuko kaprograme kanakoamuka mbele ya vyote, njo kanaonyesha wapi pa kutafuta sistemu. Nikakafungua: saa yake ilirudi nyuma ku mwaka ningali navaa kaptula ya shule. Na namna ya kuamuka ilirudi ile ya zamani, kumbe sistemu yangu inajua ile mupya tu. Nikarekebisha yote mbili. Ya kwanza ikavuta, ya pili, ya tatu. Nikacheza peke yangu mule ndani, msicheke. Mbele ya saa sita muganga akaandika mu sistemu jina ya kwanza, ya mutoto aliyezaliwa asubuhi ile.

Asanti kwa Mama wa duka. Asanti kwa hospitali, ilimurudishia Papa wa moto kazi yake siku ile ile, ilipoona serveri hazikuvunjika. Mimi nilimufuata kule nyuma ya hospitali, nikamuomba samahani. Akacheka:

"Fundi, unanichafua mbele ya watu, halafu unanisafisha nyuma ya choo?"

Ndugu, kitu ikiharibika, angalia kwanza penye mikono yako ilipita. Mimi ilinichukua miaka kusema hivi kwa sauti. Yule Papa ameketi ku benchi ya tatu. Papa, simama watu wakuone. Haukutikisa kitu. Ni mimi niliyekosa, na nakuomba samahani mbele yao wote.