Profesa Leland Schauer, Aliyempigia Simu Kila Mtu

Marehemu Leland Schauer alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 kwenye shamba la ngano karibu na Wishek, Dakota Kaskazini, mtoto wa pili wa mzee Gottlieb na mama Ottilia. Kaka yake Vernon ndiye aliyemfundisha kuendesha trekta, na pia kumdanganya baba yao trekta lilipotumbukia mtaroni.

Alisoma Wishek hadi mwaka 1959, kisha akaenda chuo kikuu Grand Forks, akahitimu 1963. Vernon alibaki kushika shamba ili mdogo wake asome.

Mwaka 1964 aliajiriwa na gazeti la Prairie Courier mjini Bismarck kuandika siasa za jimbo. Kwa miaka ishirini na saba hakunywa hata kahawa ya gavana. Alibeba chupa yake. Hakumung'unya maneno, ila kanuni yake ilikuwa moja: humwandiki mtu kabla hujampigia simu ukasikia upande wake. Hata waliomchukia walikiri kwamba hakuwahi kuwavizia.

Alifunga ndoa na Arlys Bender tarehe 18 Juni 1966. Walijaliwa binti mmoja, Karin, anayesoma maneno haya.

Februari 1987 gazeti liligundua kwamba Vernon, wakati huo seneta wa jimbo, alikuwa amepindisha barabara ya lami ipite kwenye maghala yake. Habari ilikuwa ya kweli, na familia haitaificha leo. Kwa kuwa mhusika ni nduguye, Leland alijitoa, akamwachia kazi mwenzake Dale Opp, akaapa kutomdokezea Vernon neno. Jumapili mchana Dale alipiga simu ofisini kwa seneta, ambako hapakuwa na mtu. Saa hiyo hiyo Vernon alikuwa nyumbani kwa mama yao akinywa supu ya nefla, ile ya viazi na vidonge vya unga, na Leland ameketi mbele yake, anajua kila kitu. Kesho yake gazeti likasema: "Seneta Schauer hakupatikana kutoa maelezo."

Vernon alianguka kwenye uchaguzi uliofuata. Alisema tu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na hakumsemesha tena nduguye hadi alipofariki mwaka 2009.

Kuanzia 1991 hadi 2011 marehemu alikuwa profesa wa uandishi wa habari mjini Fargo. Aliandika vitabu vitatu. Kile kilichompa tuzo, Wino Hauna Undugu, kina sura nzima ya kujisifu jinsi alivyojitoa. Siku moja mwanafunzi alimwuliza, "Profesa, kwani seneta alikuwa wapi siku hiyo?" Akafuta ubao, akasema muda umekwisha. Haukuwa umekwisha.

Nyumbani Arlys alimsihi miaka nenda miaka rudi ampigie kaka yake. Jibu lilikuwa lile lile: "Nikipiga, nitakuwa nimekiri kwamba gazeti lilikosea." Arlys alifariki mwaka 2017, akiwa ameshachoka kusema.

Saratani ya mapafu ilimpata mwaka 2022, na ikamchukua tarehe 14 Februari 2024. Wiki ya mwisho, akili ikimpotea, alimwambia Karin, "Mpigie Vern."

Karin akamjibu, "Baba, baba mkubwa alishafariki."

"Usipige ofisini," akasema. "Yuko kwa mama."

Karin alitoka nje akalia, na yalikuwa machozi ya hasira, maana mzee alijua siku zote.

Kwa kanuni ya marehemu mwenyewe, wasifu huu haukuchapwa kabla Karin hajampigia mama Lorraine, mjane wa Vernon, akamsomea wote na kumwuliza ana la kusema. Akasema, "Mwanangu, andika kwamba Vern alipatikana. Alikuwa mezani, anammegea mdogo wake mkate."

Tumeandika.

Marehemu ameacha binti yake Karin, wajukuu wawili, Nolan na Greta, na shemeji yake Lorraine, ambaye leo hakuja. Mungu amlaze mahali pa amani, na kama Vernon yuko jirani, safari hii Leland aanze yeye kusema.