Ndoo Nne za Jenifa

Siku hiyo kahawa ya Mwinyijuma ilipoa vikombeni bila mtu kuijali. Kijiwe kizima cha Usagara kiliinamia simu, na aliyewaponza ni Rafaeli. Binti yake Jenifa anataka kukimbia mbio za msituni Amani, ambako kocha atachagua timu ya mkoa. Watu ni wengi, nafasi chache. Unapanga foleni kwenye simu, ukifika unaandika jina, kisha linaingizwa kwenye droo. Jenifa yuko zamu kiwandani, simu marufuku, basi kazi kaachiwa baba. Jina keshaliandika, majibu ndiyo bado.

— Nimewahi kuliko wote, alisema Rafaeli. Kwa nini nisubiri droo?

— Kuwahi si hoja, alisema Bryson, ambaye wanamwita Bando kwa kuwa haishiwi intaneti. Wanachanganya majina kama karata.

— Sasa haki iko wapi hapo?

— Ndiyo haki yenyewe. Vinginevyo wangeingia wenye simu za maana tu.

— Thubutu, alidakia Hamad Mpemba. Wanatazama chaji. Simu inayokaribia kuzima wanairuka.

Rafaeli alijifanya hakusikia, kisha akanyanyuka kuazima chaja dukani.

— Tatizo ni mnara wa simu, alisema Mwinyijuma. Droo inaanzia Dar, ikifika Tanga imebaki makapi.

— Mnanitia kiwewe, jamani, alisema Rafaeli akirudi na chaja.

— Kiwewe cha nini, na sisi tupo? alisema Mwinyijuma. Bombani mwenzio akiwa hayupo si unamwekea ndoo kwenye foleni? Jenifa tumemwekea nne. Moja itafika tu.

Maana wote wanne walikuwa wamemwandika, kila mtu kwa simu yake. Rafaeli akapumua kidogo.

Mara Jenifa akatokea, ovaroli bado mwilini.

— Shikamooni. Baba, umeniandika?

— Tumekuandika sote, alisema Rafaeli kwa majivuno.

— Kwa namba ileile ya kitambulisho?

— Sasa tungeweka ya nani?

Jenifa aliichukua simu ya baba yake, akasoma taratibu.

— Hapa wanasema aliyeandikwa zaidi ya mara moja anatolewa. Basi nifuteni kwenye simu zenu, nibaki kwenye ya baba. Mnafutaje?

Bando alipekua juu, akapekua chini, asione pa kufuta. Hamad alimtazama Mwinyijuma, naye akalitazama birika. Rafaeli alitamani ardhi immeze.

Simu ikatoa mlio wa ujumbe mkononi mwa Jenifa. Kisha ya Hamad. Kisha ya Bando, na ya Mwinyijuma. Zote zilileta ujumbe mmoja: Jenifa ametolewa.