Kiti cha Mbele cha Octavian

Teksi ya abiria wengi ilipotoka La Rochelle, Emérite alimsikia mzee wa kiti cha mbele yake akimweleza jirani: "Yule Octavian kahamia mji mdogo, anaishi na mwanamume. Kanisani tumemfukuza!"

Emérite damu ikamchemka. "Baba, Octavian alivunja duka langu, akanielekezea bastola. Enzi hizo mlimpa kiti cha mbele kanisani, mkala karamu zake. Alipotoka jela akampenda huyo mwanamume, Alain, akaacha ujambazi. Wakaja wote wawili kwangu, Octavian akaniomba radhi huku analia. Leo ndiyo mmeiona dhambi?"

"Mama, ujambazi ameutubu," mzee akasema. "Hili hataki kulitubu."

"Atubu nini, kupendwa?"

Mzee akageuka amjibu, lakini teksi ilishasimama. Emérite akashuka, akaubamiza mlango.