Miche Iliyoambiwa Ioze

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Shule, walimu, wazazi, wanafunzi wenzangu, na zaidi ya wote Mwalimu wetu wa biolojia tunayemuaga leo: kabla sauti haijanikauka, nina jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Lile jina la Friji mnaloniita kwa sababu sisemi, nalipenda. Nimelipenda tangu siku Mwalimu aliposimama mbele ya darasa akauliza, "Nani kawadanganya kwamba kilichopoa hakifanyi kazi?"

Ndugu wageni waalikwa, ndani ya jani kuna vimeng'enya, vibarua wasioonekana wanaoutengenezea mmea chakula. Baridi ikiingia ghafla, vibarua hawa hukakamaa na kazi huzorota. Jua nalo halina habari. Linaendelea kumimina mwanga kama mtu anayemshushia matofali fundi aliyelala. Mzigo ukizidi, jani huumia. Lakini baridi ikija kidogo kidogo, mmea hujipanga: huongeza vibarua, na mimea mingine huunda vibarua wenye viungo laini zaidi, wanaoweza kujipinda pale wenzao wanapokakamaa.

Sasa, Mkuu wetu, ambaye namheshimu sana, ana neno lake moja: "Kaza!" Umechelewa? Kaza. Umefeli? Kaza. Unaumwa jino? Kaza. Je, mnadhani alifurahi kusikia kwamba kwenye baridi anayesalimika ni yule aliyelegea kidogo?

"Mwalimu, unanifundishia watoto ulegevu?"

"Nafundisha kabichi, Mkuu."

"Haya. Kabichi zako zikivuka baridi hii, kile kiwanja nyuma ya maabara kibaki bustani. Zikifa, naegesha gari langu."

Basi Mwalimu akanituma mimi, mwenye sauti ya kuazima, kwa mtunza mazingira wetu, Mzee Toroli. Nikamkuta anasukuma toroli lake, linalia kuliko kengele ya shule.

"Shikamoo, babu. Mwalimu anasema trei hizi za miche zikae nje, izoee."

"Marahaba. Ifanye nini?"

"Izoee."

"Ioze?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikidhani nimesikika.

"Maskini," akasema, "kustaafu kumemuuma huyu mama." Akaenda kuzimwaga trei kwenye majani makavu nyuma ya jiko.

Trei moja tu iliokolewa. Mkuu alipita, akaihurumia, akaibeba hadi ofisini kwake, karibu na hita. "Mimi si katili," akasema. Na kweli miche ile ilinenepa! Baada ya wiki tatu za baridi iliyozidi kidogo kidogo, siku alipoipanda bustanini kwa mikono yake, ilimeremeta kama bwana harusi.

Kesho yake jalidi ikatanda. Nyasi zilikuwa nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi. Miche ya Mkuu ilikuwa imelala chini, myeusi, kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Nasi tukakimbilia nyuma ya jiko. Ile iliyoambiwa ioze ilikuwa imenywea, lakini mchana, jua lilipoiangalia vizuri, ilikuwa imesimama.

"Hiyo ni ya jalalani, haihesabiki," Mkuu akasema. "Tuliafikiana ya bustanini, na ya bustanini imekufa."

"Iliyokufa ni ya kwako, Mkuu."

"Makubaliano ni makubaliano, Mwalimu."

Akaingiza gari. Mwalimu alisimama dirishani mwa maabara, akalitazama gurudumu la nyuma likipanda juu ya tuta lake la mwisho, kisha akaendelea kuosha vioo vya hadubini. Tulizoea kumuona akicheka. Siku ile hakucheka.

Mwalimu wangu, wenzangu watakushukuru kwa alama za mitihani. Mimi nakushukuru kwa sababu hukuwahi kunikemea "Sema kwa sauti!" Mwanzo uliniuliza swali moja, tena la ndiyo au hapana. Muhula uliofuata ukaniuliza la maneno matatu. Ukanitoa nje taratibu, ukanirudisha ndani, ukanitoa tena, hadi leo nimesimama mbele ya ukumbi mzima na sauti yangu inafika hadi mstari wa nyuma. Kuna mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye bado hajui kwamba jani ni kiwanda. Atajifunzia wapi, chini ya gari?

Kwa hiyo leo asubuhi, Mkuu alipotoka na gari kwenda kumpokea Mgeni Rasmi, nilichukua jembe. Udongo ulikuwa mgumu palipopita matairi, nikaulegeza. Nikaihamisha miche yote kutoka nyuma ya jiko, nikaipanda kwa mistari kuanzia ukutani hadi langoni, nikaimwagilia maji. Mzee Toroli akaniletea samadi bila kuuliza. Kisha nikanawa mikono, nikaja kukaa mstari wa mbele. Mkuu aliporudi alikuta nafasi imejaa, na gari lake sasa liko barabarani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukitoka hapa, karibu uione bustani ya Mwalimu. Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio.