Mbio Zisizo na Mzigo

Basi la Sikonge lilikuwa linakaribia Tabora, na Josepha hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba kijana aliyekuwa akizungumzwa ni mwanawe. Alipakata kibuyu cha asali cha kumuagia stesheni, akawasikiliza wanaume wawili wa kiti cha mbele.

“Anakwenda Ulaya kukimbia,” mmoja wao, mwalimu, alieleza tena, kwa subira iliyokuwa ikiisha. “Ni mashindano ya nchi zote za Malkia wa Uingereza. Tanganyika inapeleka watu wachache tu.”

“Hilo nimelisikia. Anabeba nini?” aliuliza Mzee Masolwa, ambaye ujana wake ulikwisha katika upagazi, na sugu ya mizigo ingali begani.

“Habebi kitu, mzee. Anauzunguka uwanja.” “Halafu anafika wapi?” mzee aliuliza. “Pale pale alipoanzia.”

Mzee alimtazama kama mtu aliyekaribishwa chakula akakuta chungu kitupu. “Mnyamwezi avuke bahari mikono mitupu, azunguke, arudi alipoanzia,” alisema. “Na anayechoka je?”

“Huyo anakuwa wa mwisho.”

“Sisi aliyechoka tulimwacha njiani. Mzigo wake tukagawana.”

Josepha alikuwa amekubali safari ya mwanawe kwa sababu padri alisema ni heshima. Habari za kuchoka hakuzitaja. Basi liliposimama stesheni na watu wakaanza kushusha mizigo, alimvuta mwalimu shati.

“Samahani, mwalimu. Huyo wa mwisho, naye wanamrudisha kwao?”