Kadi ya Bi. Biaksangi na Siku Kumi na Sita za Kunyamaza

Jumanne, tarehe 14 Machi 1989, Bi. Biaksangi aliandika kadi yake ya kwanza ya matibabu. Mgonjwa alikuwa Bw. Lianzuala wa Chaltlang, Aizawl, mwenye umri wa miaka 31, na mstari wa kwanza ulisomeka: "Usiongee kwa siku kumi na nne." Kadi hiyo bado ipo. Haikutaja kuimba, na upungufu huo Bi. Biaksangi, ambaye sasa ni marehemu, aliuhesabu kuwa kosa lake mwenyewe hadi mwisho.

Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1959 katika kijiji kilicho kusini ya Serchhip, mtoto wa nne kati ya saba wa mfua vyuma Bw. Kapliana na mkewe Bi. Khumi. Mwaka 1967, wakati wa vita na waasi, jeshi liliwahamishia wanakijiji kando ya barabara kuu, na kwa miaka mitatu watoto walizoea kunyamaza jua likishazama. Alikuwa akisema kwamba kunyamaza alikujua kabla hajakusomea.

Kuimba hakukujua kamwe. Alipojiunga na kwaya ya watoto, mwalimu alimsikiliza ubeti mmoja, akamwambia kwa upole, "Sangi, wewe shika vitabu. Vitabu navyo vinataka mtu." Alivishika kwa miaka sita.

Alimaliza shule ya sekondari Serchhip mwaka 1977 na chuo mjini Aizawl mwaka 1981. Kisha alifundisha shule ya msingi kwa miaka miwili, darasa la watoto 71 chini ya paa la bati. Mvua ya Juni 1982 ilipoanza alipaza sauti kuishinda, na kufikia Julai hakuwa na sauti. Alipona baada ya wiki tano bila kujua nini kilimponya. Alitaka kujua. Mwaka 1983 alikwenda Mysore kusomea tiba ya usemi na sauti, akakaa miaka minne. Barua zake za nyumbani ziliomba kitu kimoja tu, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi.

Februari 1989 hospitali moja ya Aizawl ilimpa chumba kilichokuwa stoo ya shuka, kwa majaribio ya miezi sita. Watu walimtazama kwa shaka. Dawa hakuwa nazo, sindano hakuwa nazo, na alichowapa watu kufanya ni kupuliza mapovu kwenye glasi ya maji kwa mrija wa mwanzi huku wakiguna.

Bw. Lianzuala ndiye aliyekuwa akitangulia kutamka kila mstari wa wimbo katika nyumba za msiba, kabla waombolezaji hawajauimba. Daktari wa koo alikuwa ameona vinundu viwili kwenye nyuzi zake za sauti. Alipokea kadi, akaitii. Siku ya tano jirani alifariki, naye akatamka mistari kwa jioni tatu mfululizo. Alirudi tarehe 28 Machi na sauti ya bati linaloburuzwa.

"Nilikwambia usiongee," marehemu alisema.

"Sijaongea hata neno, Dada. Muulize mke wangu, nyumba ilikuwa na amani sana. Nimeimba tu."

"Na kutamka mistari?"

"Hayo si maneno yangu. Ni ya kitabu."

Daktari alimtazama tena, akakuta vinundu vimevimba na kimoja kina damu. Alisema sauti hiyo ikitumiwa vibaya mara nyingine huenda isirudi. Marehemu aliandika kadi ya pili yenye mistari mitano: usiongee, usiimbe, usitamke, usinong'one, usikohoe kusafisha koo. Muda aliuongeza hadi siku kumi na sita, kuanzia kesho yake.

Siku ya kumi, Ijumaa tarehe 7 Aprili, mama yake Bw. Lianzuala akafariki.

Mchana huo wazee watatu wa kanisa walifika kwa Bi. Biaksangi. Mtaani hapakuwa na mtu aliyekumbuka mwana mtamka mistari aliyekaa kimya kwenye msiba wa mama yake mzazi.

"Mwanangu, mama ni mmoja," alisema mkubwa wao, Mzee Chhunga. "Mwachilie jioni tatu tu. Koo lake Mungu atalilinda."

"Mungu alimpa koo moja, Mzee. Likiharibika jioni hizi tatu, misiba yote itakayokuja nani ataitamkia?"

"Na huu wa leo nani atautamkia? Wewe?"

Aliuliza kwa kejeli, na wenzake wakacheka. Bi. Biaksangi akasema, "Mimi."

Alitamka. Walioimba jioni zile hawajasahau. Alichelewa, aliwahi, alivuta pumzi katikati ya neno. Mwanamke mmoja karibu na mlango alisema bila kujificha, "Huyu ndiye daktari wa sauti? Yake nani ataitibu?" Nyumba nzima ya msiba ikacheka. Bw. Lianzuala alikuwa ameshika ngoma. Machozi yalikuwa yakimtiririka, mabega yakimtikisika kwa kicheko kisicho na sauti, na kila Bi. Biaksangi alipochelewa alipunguza mapigo ili amsubiri. Jioni ya pili hakuna aliyecheka. Jioni ya tatu Mzee Chhunga alimsogezea kikombe cha chai, akamwambia, "Kunywa, mwanangu. Koo hilo."

Alhamisi, tarehe 13 Aprili, ilikuwa siku ya kumi na sita. Chumbani walikuwa watatu: mgonjwa, mkewe na marehemu. Marehemu alimwambia aseme jambo moja, taratibu, bila kusukuma.

"Ulichelewa ubeti wa tatu," Bw. Lianzuala alisema. Sauti ilikuwa safi.

Mkewe aliinamisha kichwa mezani akalia. Marehemu aliandika tarehe, akamwongezea wiki sita za mazoezi. Majaribio ya chumba yalipokwisha mwezi Agosti wagonjwa walikuwa 43: walimu, wahubiri, wauza mboga, na mwanamke yule wa karibu na mlango. Alihudumu humo miaka thelathini, hadi Novemba 2019.

Agosti 1990 mwalimu wa hesabu, Bw. Rosiama, alifika chumbani mara tatu katika wiki mbili akilalamikia koo. Mara ya tatu aliambiwa, "Koo lako ni zima kuliko langu. Unataka nini hasa?" Akajibu kwamba angependa chai. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1991 na kubarikiwa watoto wawili.

Mwezi Mei 2023 sauti ya Bi. Biaksangi ilianza kupotea. Uvimbe wa tezi ya shingo ulikuwa umeubana mshipa wa fahamu unaoongoza uzi wa sauti wa kushoto. Alipasuliwa Julai mwaka huo, akapata mwaka mmoja wa nafuu. Wageni walipomnong'oneza, wakidhani ndiyo adabu mbele ya mtu asiye na sauti, aliwaandikia kwenye daftari: "Mimi ndiye mgonjwa. Nyinyi ongeeni." Ugonjwa ulirudi Septemba 2024. Alifariki nyumbani Chaltlang jana, Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka 65.

Novemba iliyopita aliandika kadi yake ya mwisho, akampa Bw. Lianzuala, ambaye sasa ana miaka 67 na vinundu vyake vimeanza kurudi. Ameruhusu isomwe. "Kaa, usisimame. Maji yawe karibu. Tamka wimbo mmoja tu. Wa pili mpe binti yako. Kilio kikikushinda, shika ngoma, mwingine atatamka. Akichelewa, msubiri."

Marehemu ameacha mume, Bw. Rosiama, mwana, Laldinga, binti, Rinsangi, wajukuu watatu, na dada zake wawili. Mungu ampokee, ampe pumziko lenye amani.

Maziko ni saa saba mchana huu. Saa kumi na mbili jioni watu watakusanyika nyumbani kwake, na Bw. Lianzuala, akiwa amekaa, atatamka mistari ya wimbo wa kwanza. Wa pili utatamkwa na binti yake, Zodini.