Chupa Moja, Vilima Viwili

Benchi ni langu mimi fundi viatu, ila wanaolikalia wameshasahau. Liko pembeni ya ukuta wa makumbusho, na kila asubuhi kabla sijatia uzi kwenye sindano, Wakili ameshakaa. Mahakamani hajawahi kukanyaga. Jina alipewa kwa ubishi. Kinyozi huja kuvizia mteja wake wa kwanza, na Mama Kahawa hutumiminia huku akitusimanga. Siku hiyo Mzee Chupa alikuwa kati yetu, kikombe kimempolea mkononi. Huyu anatunza stoo ya wadudu humo ndani mwaka wa thelathini na moja sasa, wadudu waliolowekwa kwenye spiriti, chupa kwa chupa. Kawaida yake hupuliza kahawa, hunywa, kisha hututania. Siku hiyo hakupuliza wala hakutania, nami nikajua kuna jambo.

— Mzee, umefiwa? — Kinyozi akamuuliza.

— Bado. Saa nne ndiyo nafiwa.

— Sema basi, usituweke roho juu, — Mama Kahawa akasema.

— Kuna kidudu fulani. Binamu wa buibui, lakini si buibui, maana hakifumi utando. Mwili kama punje ya dengu, miguu minane mirefu kama nyuzi. Kipo kilima cha mnara, na kilikuwepo kilima cha mawe. Siku zote tulijua ni aina moja. Sasa yule binti, daktari wa wadudu, amevikata mguu mmoja mmoja akapima vinasaba, ile asili mtu anayorithi kwa wazazi. Kisha akaweka madume chini ya darubini. Kumbe ni aina mbili.

— Kwenye darubini anatazama nini cha dume? — Kinyozi akauliza.

— Hicho hicho unachofikiria. Sura inadanganya, kiungo cha uzazi hakidanganyi. Wengine ncha imepinda, wengine imenyooka.

— Yarabi, na asubuhi yote hii! — Mama Kahawa akageuka pembeni.

— Ndiyo maana wahenga walisema, — Wakili akakohoa, — mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Mgema kaingiaje hapa?

— Ameingia. We subiri tu.

Hapo akaja mama mmoja tusiyemjua, kiatu mkononi, kisigino kimeng'oka, anarukaruka kwa mguu mmoja. Nikampisha akae.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, — Wakili akamkaribisha.

Nikachukua kiatu, mazungumzo yakaendelea.

— Mimi naelewa, — Kinyozi akasema. — Mapacha wa shemeji yangu hata mama yao anawachanganya. Mimi nikiwanyoa nawajua. Mmoja nywele zinazungukia kushoto, mwingine kulia.

— Hao wadudu waligombea urithi, — Wakili akasema. — Mmoja akahamia kilima cha pili kwa hasira.

— Au wanavaa sare moja makusudi, wasijulikane, — Kinyozi akasema.

— Basi hata hapa benchini huenda tuko aina mbili, — Wakili akadakia. — Kinyozi apimwe! Nasema hivi, huenda dunia nzima imebandikwa lebo za uongo.

Mzee Chupa akaweka kikombe chini.

— Ya uongo ni moja, — akasema. — Niliiacha mimi.

Akageukia ukuta wa makumbusho, akaendelea.

— Miaka kumi na tisa iliyopita spiriti iliadimika. Chupa mbili zilikuwa zinakauka, moja ya kilima cha mnara, moja ya kilima cha mawe. Mkubwa wetu alikuwa amekataza kuchanganya. Nikatazama, nikaona wadudu ni wale wale. Nikawatia wote katika chupa moja.

— Haba na haba...

— Wakili, nyamaza, — Mama Kahawa akamkata.

— Lebo nikaacha ya mnara peke yake. Zingekuwa mbili, mkubwa angejua. Sasa binti wa watu amekuta aina mbili ndani ya chupa yangu, anaamini zote ni za mnara. Saa nne anasoma ripoti kwamba kilima cha mawe hakina kiumbe cha peke yake. Wakishasikia hivyo, wenye machimbo wanaanza kukilipua wapate mawe. Na wale wenye ncha iliyonyooka, wa kilima cha mawe, hawana kwao kwingine.

— Si aende akawatafute huko? — nikauliza.

— Wenye machimbo wameweka uzio. Hapiti mtu.

— Basi mwambie!

— Nimwambieje? Amenishukuru humo ndani ya ripoti. Ameandika lebo zangu hazijawahi kukosea. Nimebakiza miezi minne nistaafu, fundi.

Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, sifichi. Kibao cha kaburi la mke wangu aliandika yeye, na sikuwahi kuhakikisha tarehe.

— Yaliyopita si ndwele, — Wakili akasema, safari hii kwa upole. — Tugange yajayo.

— Hayo yajayo ndiyo yanayolipuliwa.

Mzee akatoa pochi. Nyuma ya kitambulisho akachomoa kikaratasi kidogo, kimegeuka rangi ya chai. Kimeandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti. Yule mama ndiye aliyekuwa karibu, akakisoma kwa sauti:

— Kilima cha mawe, chini ya gogo. Madume matatu, majike matano.

Akamtazama mzee.

— Umetembea nacho miaka yote hiyo?

— Kumi na tisa. Pochi ya nne hii.

— Kama hukutaka ijulikane, mbona hukukitupa?

Mteja wa Kinyozi alikuwa ameshasimama mlangoni kwake, ng'ambo ya barabara, na Kinyozi hakuinuka. Nami nilishika kisigino cha watu na nyundo, sipigi. Mzee Chupa akachukua kikombe, akaipuliza ile kahawa iliyopoa, asiinywe.

— Saa ngapi? — akauliza.

— Saa nne kasoro dakika kumi, — Mama Kahawa akasema.

Akasimama. Pochi aliirudisha mfukoni, kikaratasi kikabaki kati ya vidole viwili, kama anavyoshika vidudu vyake. Akapita geti la makumbusho bila kuaga.

Mama Kahawa akaimwaga kahawa iliyobaki, akasuuza kikombe, akakigeuza juu ya benchi pale mzee alipokuwa amekaa. Akasema hapo asikae mtu.